Petko Slaveykov, Mwalimu Aliyejua Kusikiliza

Mwishoni mwa Julai 1877 mji wa Stara Zagora, kusini mwa milima ya Balkan, uliteketea. Vita vya Urusi na Dola ya Osmania vilikuwa vimepamba moto, Warusi na vijana wa Kibulgaria waliokuwa wakiulinda mji wakazidiwa nguvu, na jeshi la Suleiman Pasha likaingia. Maelfu ya wakazi waliuawa. Miongoni mwa walionusurika alikuwamo mwalimu wa shule mwenye miaka 49, Petko Slaveykov. Nyuma yake aliacha vitabu na makaratasi, na katika makaratasi hayo mlikuwa na methali, misemo na nyimbo za Wabulgaria alizokuwa akiziandika tangu ujana wake, mji hadi mji. Vyote viligeuka majivu.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1889, juzuu ya kwanza ya mkusanyo wake wa methali ilitoka katika mji wa Plovdiv. Ya pili ilitoka Sofia mwaka 1897. Kwa pamoja zina methali na misemo zaidi ya 17,000. Katika miaka hiyo 12 Slaveykov alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, Spika, waziri, mhariri wa magazeti na mkimbizi wa kisiasa. Na bado alipata wakati wa kurudi kuyaokota, neno kwa neno, yale ambayo moto ulimnyang'anya.

Wanaoandika habari zake huwa wanampanga kwa mafungu: Slaveykov mwalimu, Slaveykov mshairi, mwanahabari, mfasiri wa Biblia, mkusanyaji wa fasihi simulizi, mwanasiasa. Ukisoma hivyo utadhani ni watu sita waliokutana katika jina moja. Mimi naona alikuwa na kazi moja tu maisha yake yote, nayo ilikuwa kuwasikiliza watu wasiosikilizwa na kuyatendea maneno yao kama mali. Siasa yake ilitoka humo. Hata pale ilipopungukiwa, ukitazama vizuri utaona ni pale sikio lake lilipoishia.

Alizaliwa Novemba 1827 huko Tarnovo, mji wa kale wa wafalme wa Bulgaria, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Waosmani kwa zaidi ya miaka 400. Baba yake, Racho, alikuwa mfua shaba, mtu wa masufuria na mitungi. Mama yake alifariki alipomzaa. Jina la Slaveykov hakurithi, alijipa mwenyewe alipokuwa kijana, nalo linatokana na neno la Kibulgaria la yule ndege mdogo anayeimba usiku msituni.

Ili kuelewa alichokuwa akishindana nacho, ni lazima tujue kwamba Mbulgaria wa wakati ule alikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni Sultani wa Istanbul. Wa pili ni Patriaki wa Kiorthodoksi, ambaye naye aliketi Istanbul. Dola ya Osmania iliwahesabu raia wake kwa dini, hivyo Waorthodoksi wote, wawe Wagiriki, Wabulgaria au watu wengine, walikuwa jamaa moja chini ya Patriaki, na maaskofu wengi aliowatuma Bulgaria walikuwa Wagiriki. Kigiriki kilikuwa lugha ya ibada katika makanisa mengi ya mjini, lugha ya shule zenye hadhi na ya wafanyabiashara wakubwa. Kibulgaria kilibaki jikoni, shambani na malishoni. Mtoto wa mjini aliyetaka kuonekana msomi alijitahidi lugha ya mama yake isisikike mdomoni mwake.

Dhidi ya hali hiyo kulikuwa na kitabu kimoja kilichokuwa kikipita mkono kwa mkono. Mwaka 1762 mtawa aitwaye Paisii, katika nyumba za watawa za Mlima Athos, aliandika historia fupi ya Wabulgaria akiwakemea wale wanaoionea haya lugha yao. Kwa miaka mingi haikuchapwa mashineni. Watu waliinakili kwa mkono, mapadri na walimu wakiitunza kama amana. Slaveykov aliisoma akiwa kijana, na tangu hapo hakurudi kuwa yule wa zamani.

Alianza kufundisha mwaka 1843, akiwa bado hajatimiza miaka 16, mjini kwao Tarnovo. Hakudumu. Alitunga shairi la kumdhihaki askofu Mgiriki wa mji na wapambe wake, shairi likasambaa midomoni mwa watu, na mwalimu mdogo akafukuzwa. Ndipo ikaanza safari ya miaka mingi: Vratsa, Pleven, Berkovitsa, Lovech, Sevlievo, Tryavna na kwingineko. Walimu wa wakati ule hawakuwa waajiriwa wa serikali. Wazee wa mji au kijiji ndio waliomwajiri mwalimu kwa mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja, wakamlipa kwa michango yao na kwa fedha za kanisa. Akiwaudhi wakubwa, mkataba haukuandikwa tena. Slaveykov aliwaudhi wengi.

Mtu angeweza kuyaona maisha hayo kuwa hasara, na kwa hakika yalikuwa ya shida kwa kijana asiye na mama wala mali. Lakini kuhamahama huko ndiko kulikomfanya awe yeye. Aliyekaa mji mmoja maisha yake yote husikia lafudhi moja, huzoea utani mmoja, na methali za kwao huziona kuwa ndizo methali zote. Slaveykov alipita kaskazini na kusini mwa milima, akalala kwa watu, akala mezani kwao, akafundisha watoto wao. Kila alipofika alikuta jambo lilelile limesemwa kwa namna nyingine. Akawa anaandika.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu wengi hudharau kazi ya kukusanya methali. Huonekana kama kazi ya mstaafu: keti, kumbuka, orodhesha. Mtu aliyewahi kujaribu anajua kwamba methali haiji kwa kuulizwa. Mwambie bibi akutajie methali kumi, atakupa tatu zile kila mtu anazozijua, kisha atanyamaza. Methali inangoja tukio. Inatoka mdomoni mfanyabiashara anapopunjwa, mama mkwe anapokasirika, mchungaji anapompoteza kondoo, mlevi anapojitetea. Anayezitaka ni lazima awepo pale, na ahesabiwe kuwa mwenyeji kiasi kwamba hakuna anayechunga ulimi mbele yake. Methali elfu kumi na saba maana yake ni maisha mazima ya kuwa karibu na watu.

Wabulgaria hadi leo husema kwamba dubu mwenye njaa hachezi ngoma, na kwamba tone kwa tone hufanya kilindi. Husema pia kwamba mbwa mwitu hubadili manyoya lakini tabia yake habadili. Hizo hazimpi mtu yeyote shida. Lakini wana nyingine isemayo kwamba kichwa kilichoinama upanga haukikati. Hiyo ni methali ya watu walioishi karne tano chini ya mtawala mwenye silaha. Inafundisha kuinama. Mzalendo mwenye haraka angependa isiwepo katika kitabu chochote cha taifa lake. Mkusanyaji wa kweli anaiandika vilevile ilivyo, pamoja na ile ya ushujaa, kwa kuwa zote mbili ziko vinywani mwa watu walewale, wakati mwingine siku hiyohiyo. Kusikiliza ni kukubali kusikia hata yale usiyoyapenda.

Na wakati huo kukusanya maneno ya watu hakukuwa mchezo. Mwaka 1861 ndugu wawili, Dimitar na Konstantin Miladinov, walichapisha Zagreb mkusanyo mkubwa wa nyimbo za Kibulgaria. Mapema mwaka uliofuata wote wawili walikufa katika jela ya Istanbul. Hawakupelekwa gerezani kwa ajili ya nyimbo peke yake, ugomvi wa kanisa na shule ulihusika, lakini nyimbo, shule na kanisa vilikuwa nyuzi za kamba moja. Kuthibitisha kwamba wakulima wana fasihi yao kulikuwa sawa na kuthibitisha kwamba ni taifa.

Katika miaka ya 1860 Slaveykov alihamia Istanbul kwenyewe, ndani ya tumbo la dola. Aliyemwita hakuwa mwanamapinduzi. Ilikuwa Jumuiya ya Biblia ya Marekani, iliyokuwa ikitafuta Mbulgaria mwenye lugha safi wa kusaidia kutafsiri Biblia nzima. Alifanya kazi hiyo pamoja na wamisionari wawili wa Kimarekani, Elias Riggs na Albert Long, na msomi mwenzake Hristodul Kostovich. Biblia hiyo ilitoka mwaka 1871. Umuhimu wake unapita mipaka ya dini. Kibulgaria cha maandishi kilikuwa bado hakijatulia: wengine waliandika kwa kuelemea Kislavoni cha kanisani, wengine kwa lahaja za magharibi, wengine kwa za mashariki. Tafsiri ile ilifuata lahaja za mashariki, zile alizokulia Slaveykov, nayo ikawa moja ya nguzo zilizoisimamisha lugha sanifu. Mtoto wa mfua shaba, aliyeambiwa kwamba lugha yake ni ya jikoni, aliitia lugha hiyo kinywani mwa manabii.

Alipokuwa huko alikuwa pia mhariri. Gazeti lake la dhihaka liliitwa Gaida, jina la zumari ya Balkan yenye kiriba cha ngozi, ala ya harusi na sherehe za kijijini. Lililofuata liliitwa Makedoniya, na lilidumu kuanzia 1866 hadi 1872 serikali ilipolifunga. Katika miaka hiyohiyo Wabulgaria walikuwa wakidai kanisa lao wenyewe, na mwaka 1870 Sultani Abdulaziz alitoa amri ya kuundwa kwa Eksarkia ya Kibulgaria, yaani kanisa lao lenyewe, lisilo chini ya maaskofu wa Kigiriki. Magazeti ya Slaveykov yalikuwa silaha kubwa katika dai hilo. Kabla ya kuwa na jeshi, mahakama au bunge, Wabulgaria walipata kwanza kanisa na shule, na waliovipigania walikuwa zaidi walimu na wahariri.

Kuna kazi yake nyingine ya Istanbul ambayo wasifu nyingi huipitia kwa sentensi moja, nami naipenda kuliko nyingi. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha mapishi, miongoni mwa vya kwanza kabisa kuchapishwa kwa Kibulgaria, akieleza vyakula kama vilivyopikwa Istanbul. Mfasiri wa Biblia, mpiganaji wa kanisa, anakaa chini na kuandika jinsi ya kupika mchuzi! Ukiitazama kazi yake kama mafungu, jambo hili halieleweki. Ukiitazama kama nilivyopendekeza, linaeleweka mara moja. Lugha isiyoweza kumwelekeza mpishi haijawa lugha kamili. Kwa Slaveykov mama aliyesimama mbele ya jiko alistahili kitabu katika lugha yake sawasawa na padri aliyesimama madhabahuni.

Tukiwa bado Istanbul, kuna makala yake ya mwaka 1871 kuhusu suala la Makedonia, eneo la dola lililo kusini-magharibi mwa Bulgaria, ambayo inanifundisha mengi juu yake. Slaveykov aliamini kabisa kwamba Waslavi wa Makedonia ni Wabulgaria, na gazeti lake lilikuwapo kwa ajili ya kuwatoa katika ushawishi wa Kigiriki. Lakini katika makala hiyo anaeleza kwamba amekutana na watu wa huko wanaosema wao si Wabulgaria, ni Wamakedonia, na hawataki kuandikiwa lugha yao kwa lahaja za mashariki. Anawapinga, na kwa ukali. Hata hivyo, aliyaandika madai yao. Mwenye hila angeyaficha, kwa kuwa yaliharibu hoja yake. Kwa sababu hakuyaficha, hadi leo makala hiyo hutajwa na pande zote mbili za ubishi kati ya Sofia na Skopje, mji mkuu wa Makedonia Kaskazini: Wabulgaria kwa msimamo wake, Wamakedonia kwa ushahidi wake. Kwangu mimi hapa mkusanyaji alimshinda mwanasiasa, walau kwa ukurasa mmoja. Alichokosa ni hatua ya pili, ya kujiuliza kwa nini watu hao wanasema hivyo. Aliwasikia, kisha akawaambia wamekosea. Na sehemu ya malalamiko yao ilihusu lahaja ileile ambayo yeye, kwa Biblia yake, alikuwa ameitanguliza. Wakati Mgiriki alipomwambia Mbulgaria kwamba lugha yake si lugha ya kuandikwa, Slaveykov alijua maumivu yake. Mmakedonia alipomwambia jambo linalofanana na hilo, hakuyatambua.

Mwaka 1873 aliandika shairi refu ambalo wahakiki wengi wa Bulgaria huliona kuwa kilele cha ushairi wake. Linahusu chemchemi iliyoko karibu na mji wa Harmanli na msichana aitwaye Gergana. Gergana anakwenda kuteka maji alfajiri. Waziri mkuu wa Sultani, aliyepiga kambi pale, anamwona na kumtaka. Anamweleza habari za Istanbul, majumba yake, bustani na mavazi ya hariri. Gergana anajibu kila sifa kwa kijiji chake: maua ya bustani ya mama yake, watu wake, kijana anayempenda. Haogopi, wala hatukani. Anabishana kwa adabu, hoja kwa hoja, mpaka waziri anasalimu amri na kumwacha huru, kisha anaamuru pajengwe chemchemi ya mawe kwa heshima yake. Hapo inaingia imani ya kale ya Balkan: waashi huamini kwamba jengo halisimami bila roho ya mtu, basi hupima kivuli cha mtu na kukijengea ukutani, na mwenye kivuli hunyauka hadi kufa. Gergana ananyauka, anakufa.

Slaveykov hakubuni imani hiyo. Aliikuta kwa watu, kama alivyozikuta methali zake. Kilicho chake ni yale mabishano. Aliketi miaka mingi akiwasikiliza wanawake wa vijijini, na alipotaka kumpa mtu sauti ya taifa zima mbele ya dola, hakumchagua shujaa mwenye upanga. Alimchagua msichana mwenye mtungi.

Sasa turudi vitani. Baada ya Stara Zagora kuungua, Slaveykov aliambatana na jeshi la Urusi akiwa mtu anayeijua milima na watu wake. Machi 1878 mkataba wa San Stefano ulichora Bulgaria kubwa. Julai mwaka huohuo, mkutano wa mataifa makubwa mjini Berlin ukaikata vipande: Utawala wa Bulgaria upande wa kaskazini, Rumelia ya Mashariki upande wa kusini ikiwa na serikali yake chini ya Sultani, na Makedonia ikarudishwa kwa Waosmani moja kwa moja. Slaveykov alianzisha gazeti, akaliita kwa jina lenye maana ya Bulgaria nzima. Mtu aliyekuwa amezunguka nchi yote akifundisha hakuweza kuiona kwa mipaka ya Berlin.

Februari 1879 Bunge la Katiba lilikutana Tarnovo, mji aliozaliwa na aliofukuzwa, katika jumba lililojengwa na fundi mashuhuri Kolyu Ficheto kwa ajili ya maofisa wa Kiosmani. Naliona Bunge hili kuwa saa kuu ya maisha ya Slaveykov, kuu kuliko uwaziri. Kambi zilikuwa mbili. Wahafidhina, wengi wao wakiwa vijana waliosoma vyuo vya Ulaya Magharibi, akina Konstantin Stoilov, Dimitar Grekov na Marko Balabanov, walisema watu waliotoka utumwani jana hawajakomaa. Walitaka mamlaka yenye breki, na wengine wao walitaka baraza la pili, la seneti, la wenye elimu na mali, ili kuwazuia wawakilishi wa umma wasikimbie ovyo. Waliberali, wakiongozwa na Dragan Tsankov, Petko Karavelov na Slaveykov, walikataa. Walisema Wabulgaria hawana tabaka la makabaila, na hakuna sababu ya kulitengeneza ili tu lipewe seneti.

Wahafidhina hawakuwa watu wabaya wala wajinga. Walikuwa wameona jinsi madola mengine yalivyojengwa, na waliogopa kwa dhati. Lakini hoja yao ilisimama juu ya dhana moja: kwamba mkulima asiyejua kusoma hana fikra za kisiasa. Na katika ukumbi ule, nani alikuwa na ushahidi zaidi wa kuipima dhana hiyo? Stoilov alikuwa na shahada ya sheria kutoka Ujerumani. Slaveykov hakuwa na shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni miaka zaidi ya 30 ya kuandika alichosema mkulima huyo juu ya hakimu anayekula rushwa, juu ya tajiri na maskini, juu ya deni na ahadi. Makaratasi yalikuwa yameungua, yeye hakuwa amesahau. Mtu aliyeandika methali elfu moja kuhusu haki hawezi kuambiwa kwamba waliozitunga hawajui haki ni nini.

Waliberali walishinda karibu kila mahali. Katiba ya Tarnovo, iliyopitishwa Aprili 1879, iliweka bunge la baraza moja. Iliwapa kura wanaume wote raia waliotimiza miaka 21, bila sharti la mali. Ilipiga marufuku vyeo vya kikabaila. Iliandika kwamba elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima, maneno ambayo mwalimu aliyekuwa akilipwa kwa michango ya wazee bila shaka aliyasikia kwa namna yake. Kwa Ulaya ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa katiba huria zaidi.

Lakini Gergana hakupata kura. Msichana aliyemshinda waziri mkuu kwa hoja katika shairi la 1873 alinyimwa nafasi katika katiba ya 1879, na wanawake wa Bulgaria walingoja hadi miaka ya 1930 kupewa haki hiyo kwa sehemu tu. Najua wapo watakaosema si haki kumhukumu mtu wa karne ya 19 kwa kipimo cha leo. Nakubali kwamba karibu hakuna nchi iliyokuwa na kura ya wanawake wakati huo. Ila mimi simpimi kwa kipimo cha leo, nampima kwa shairi lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba mwanamke wa kijijini anaweza kutetea nchi yake kwa maneno mbele ya mwenye enzi. Alimsikia. Alipofika mahali ambapo kusikia kungekuwa sheria, hakwenda mpaka mwisho.

Yaliyofuata nayapitia kwa haraka, kwa sababu hayana uzito wa yale yaliyotangulia. Mwaka 1880 akawa Spika, kisha akashika wizara ya elimu, baadaye ya mambo ya ndani. Sidhani alikuwa waziri mkubwa. Serikali zilikuwa fupi, na kipaji chake kilikuwa cha kalamu na ukumbi, si cha majalada. Mei 1881 mtawala kijana, Alexander wa Battenberg, aliyeletwa kutoka Ujerumani na hajafikisha hata miaka 25, aliisimamisha Katiba. Julai mkutano ulioitishwa Svishtov, mji ambao Slaveykov alisomea ujanani, ukampa mamlaka ya pekee kwa miaka saba. Slaveykov alikimbilia Plovdiv, upande wa pili wa mpaka uliochorwa Berlin, na huko akafanya alichojua kukifanya: gazeti, likiitwa Uhuru, kwa ajili ya kudai Katiba irudi. Ilirudi mwaka 1883. Waliberali wakagawanyika baada ya hapo, Tsankov huku, Karavelov kule, Slaveykov akiwa na Karavelov, na ugomvi wa wenzi wa zamani ukachukua nguvu nyingi ambazo nchi changa ilizihitaji kwingine. Ninaposoma habari za miaka hiyo huwa natamani angebaki na methali zake.

Na kwa kweli alizirudia. Mwaka 1889, mwaka juzuu yake ya kwanza ilipotoka, Wizara ya Elimu ya Bulgaria nayo ilianza kutoa mfululizo mkubwa wa mikusanyo ya fasihi simulizi, kazi iliyosukumwa na msomi Ivan Shishmanov. Kizazi kipya kilikuja na mbinu za vyuo vikuu: kutaja kijiji, kutaja msemaji, kuandika lahaja kwa usahihi. Kwa vigezo hivyo mkusanyo wa Slaveykov una kasoro. Yeye alikuwa mwalimu anayehamahama na kipande cha karatasi, na sehemu kubwa ya karatasi zenyewe ilikuwa imeshaungua. Wasomi wa vyuo wana haki ya kusahihisha. Ila walikuta nyumba imeshajengwa, na aliyeijenga aliijenga mara mbili.

Alifariki Sofia Julai 1895, akiwa na miaka 67. Mwanawe wa mwisho, Pencho, alikuja kuwa mshairi mkubwa kuliko baba kwa maoni ya wengi, na alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobeli kabla ya kufariki mwaka 1912. Katikati ya Sofia kuna uwanja wenye jina la ukoo huo, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa wauza vitabu, na katika uwanja huo sanamu za shaba za baba na mwana zimeketi pamoja kwenye benchi. Wapita njia huketi nao kupiga picha. Shaba ilikuwa riziki ya Racho, mfua masufuria wa Tarnovo.

Juzuu ya pili ya methali ilichapwa miaka miwili baada ya mazishi. Ndani yake kuna maelfu ya sentensi, na karibu kila moja ilisemwa kwanza na mtu ambaye hakujua kuandika jina lake: mchungaji, mfinyanzi, mwanamke aliyekuwa akiteka maji. Zile zilizoungua Stara Zagora na ambazo mzee hakuweza kuzikumbuka tena hazimo, na hakuna mtu aliyebaki wa kuulizwa.